Lipu ya Ushindi

Vita na watu wa ng'ambo ya mto vilipoanza, risasi zilichelewa kutufikia lakini maneno yaliwahi. Kabla hatujasikia mlio wa bunduki hata mmoja, mji wetu ulikuwa umeshageuza ulimi. Fundo linalofunguka lenyewe likawa fundo la ng'ambo. Chai isiyo na sukari, chai ya ng'ambo. Mtu akiondoka mahali kimya kimya, kaaga king'ambo. Wingu likitanda asubuhi nzima bila kudondosha tone, watu walisonya wakasema hiyo ndiyo mvua ya ng'ambo. Hata upele uliowashika watoto wa mtaa wetu, upele ambao chanzo chake ni mfereji wa maji machafu unaopita nyuma ya shule, nao ulivushwa mto ukapewa uraia huko.

Sikatai, mengine niliyakuta. Lakini zamani yalisemwa kwa utani, na watu wa ng'ambo walikuwa papo hapo sokoni, wakiyasikia na kuyajibu. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alivuka mto akiwa kijana, mwiko wa fundi kiunoni, akamwoa mama, akanizaa mimi na dada zangu hapa hapa. Akitaniwa juu ya upele alicheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akasema kwamba huko kwao upele huo huo unaitwa kwa jina letu sisi, na kwamba kama ungekuwa mali nzuri tungekuwa tumeshaugombania. Baada ya vita kuanza aliurudia mzaha huo mara moja tu, dukani. Hakuna aliyecheka. Mwenye duka alimsukumia sabuni yake juu ya kaunta bila kumtazama usoni, na huyo ni mtu ambaye baba alimpigia lipu ya nyumba nzima.

Maana baba alikuwa fundi lipu, na si fundi lipu tu. Watu walimwita Kioo kwa sababu ukuta aliomaliza yeye ungeweza kusimama mbele yake ukanyoa ndevu. Jina alilipenda. Hakuwa na haya kujisifu. Akimaliza kazi alipitisha kiganja ukutani, akatuuliza kama tumewahi kugusa shavu la mtoto mchanga. Lipu yake ile laini ilijulikana mji mzima kama lipu ya ng'ambo, kwa kuwa watu wa kwao ndio walioileta, na matajiri walikuwa wakiringiana nayo. Mimi alinifundisha. Kwenye jukwaa la ujenzi nilikuwa nikiimba beti nilizotunga mwenyewe, mizani nikiifuatisha na mapigo ya mwiko, na mafundi wakanibandika jina la Mshairi, nusu kwa sifa na nusu kwa dhihaka.

Mwaka wa pili wa vita, mji uliamua kujenga ukumbi wa kuwakumbuka askari waliokufa. Baba akachukuliwa kuongoza mafundi lipu. Msimamizi wa kazi tulimwita Tarehe, kwa sababu kila sentensi yake iliishia kwenye tarehe ya ufunguzi. Ukimwambia mchanga una chumvi, atakwambia tarehe. Ukimwambia fundi ameanguka, atauliza atapona kabla ya tarehe au baada. Alikuwa amefanya kazi na baba miaka mingi na alimwita Mzee, na kila siku alikula naye chakula cha mchana, wote wawili wamekalia ndoo zilizogeuzwa.

Asubuhi moja Tarehe alitukusanya katikati ya ukumbi. Alikuwa ametoka kwenye mkutano, shati limepigwa pasi. Alitangaza kwamba haifai ukumbi wa mashujaa wetu upakwe lipu yenye jina la waliowaua, kwa hiyo kuanzia siku ile lipu ile ni lipu ya ushindi, na atakayeiita vinginevyo asirudi kazini. Mafundi walipiga makofi. Baba naye alipiga, juu juu tu, kama mtu anayekung'uta vumbi mikononi.

Basi fundi mmoja tuliyemwita Domo, ambaye hawezi kuona kimya kikikaa akakiacha, akauliza: na kuulaza je, kutaitwaje?

Hapa nieleze. Lipu ile ikishapigwa haiachwi ikauke yenyewe. Ukuta unafunikwa magunia yaliyolowa, unamwagiliwa asubuhi na jioni wiki nzima, madirisha yamezibwa, jua lisiuguse. Unauguzwa kama mtoto mwenye homa. Mafundi wote, wa pande zote mbili za mto, wanaita kazi hiyo kuulaza king'ambo. Hilo ndilo jina lake, halina jingine.

Tarehe alifikiri kidogo. Nilimwona akitupia jicho kalenda iliyotundikwa mlangoni.

"Hiyo ya magunia waachieni wenyewe," alisema. "Ushindi haulazwi."

Watu walicheka. Nilikisikia kicheko kile kikipita jukwaani kutoka ubao hadi ubao, mpaka kwa vijana wa kuchanganya mchanga nje. Hapo ndipo nilipouelewa mchezo wote, na damu ikanipanda. Kila kizuri chao kilikuwa kinabadilishwa jina ili kiwe chetu. Kila kibaya chetu kilibadilishwa jina ili kiwe chao. Na kitu kizuri kilichotaka subira na jasho, hicho walirudishiwa wenyewe pamoja na upele.

Baba aliteremka ngazi bila haraka. Alimwuliza Tarehe tangu lini saruji imeanza kupokea amri. Alisema ukuta usipolazwa utapasuka kabla hiyo tarehe yenyewe haijafika, na kwamba kama shida ni jina, basi waiite kulaza kishujaa, kulaza kijenerali, waite wanavyotaka, mradi maji yamwagwe. Baadhi ya mafundi walitabasamu. Nadhani tabasamu zile ndizo zilizomchoma Tarehe.

"Wewe Mng'ambo," alisema, "panda juu ukafanye kazi."

Si Mzee, si Kioo. Nilikuwa na karai la udongo wa lipu mkononi na nilishapiga hatua mbili kuelekea kwake, lakini baba alinitazama. Aliyemjua baba yangu anajua mtazamo ule. Nikasimama. Baba akapanda juu akafanya kazi, na siku ile nzima hakujisifu hata mara moja.

Tulimaliza kuta nne. Jua likawa linaingia madirishani linavyotaka, na upepo nao. Kila nilipopita nilihisi ukuta ukiwa na joto chini ya kiganja, nikamwambia Tarehe, akaniambia nitunge shairi la ufunguzi badala ya kutunga uchuro.

Baba aliomba magunia matupu kwa watu wa kinu cha unga. Yalitosha ukuta mmoja. Kila jioni, kazi ikifungwa, alibaki nyuma, akayalowesha, akayatundika, akaukinga ukuta ule na jua la asubuhi. Alichagua ule wa mbele, ambao majina ya marehemu yangeandikwa. Mama alimgombeza nyumbani. Alimwuliza kama amesahau yeye ni nani siku hizi. Baba alijibu kwamba pale yanakuja majina ya watoto wa watu, na kwamba kuta nyingine zipasuke zikitaka lakini ule hapana. Mama akasema watamwona. Baba akasema wamwone, haibi. Na kweli walimwona: mlinzi wa zamu ndiye aliyekuwa akimfungulia bomba, na jioni moja alimshikia ngazi huku wakiongea habari za mpira.

Nyufa zilianza kama nywele. Zikawa kama uzi. Kisha asubuhi moja kipande kikubwa kama mlango kilibanduka kwenye ukuta wa kushoto kikaangukia viti vipya vilivyokuwa bado kwenye nailoni. Domo alikuwa wa kwanza kulisema na wengine wakalidaka: ukuta umeingia ng'ambo. Hata ufa ulikuwa na kwao.

Kuta tatu zilipasuka. Ule wa baba ulibaki mzima, unang'aa.

Mtu yeyote mwenye macho angeona hapo ushahidi umesimama mbele yake. Waliuona, nao wakausoma kichwa chini miguu juu. Tuliitwa kwenye ofisi ya mabati, mimi na baba. Alikuwepo Tarehe, alikuwepo mkandarasi, na mtu wa usalama aliyevaa shati la kawaida ambaye hakujitambulisha wala hakuhitaji. Mlinzi alisimama pembeni, akasema alimwona Mng'ambo akimwaga maji kwenye ukuta wa mashujaa kila jioni, watu wakishaondoka. Hakusema nani alifungua bomba. Nilimkazia macho; alikuwa anahesabu misumari ya bati.

Mtu wa usalama alimwuliza baba kwa upole kabisa: kwa nini ukuta aliougusa yeye ndio pekee uliosimama? Alijuaje kwamba nyingine zingepasuka? Baba alimjibu kwamba alisema mbele ya watu wote kwamba zitapasuka. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. Basi, alisema, alitangaza mapema atakachokifanya.

Ndipo akanigeukia mimi. Tarehe alikuwa amemwambia kwamba mimi ni mtu wa hapa, mama yangu ni wa hapa, na nina ulimi. Akataka nieleze kwa maneno yangu mwenyewe baba yangu alikuwa akifanya nini pale kila jioni.

Nilifungua mdomo. Nilitafuta neno la kueleza kazi ile, kazi niliyoifanya tangu ndevu hazijaniota, na neno lilikuwa moja tu, na neno lile ndilo walilokuwa wakilingoja. Nilisema alikuwa anaumwagilia. Akauliza, kuumwagilia ukuta ni kazi gani? Nilisema anaukinga na jua. Akauliza kama ushindi unaogopa jua. Tarehe akacheka kwa pua.

"Si wewe ndiye Mshairi?" alisema. "Maneno yamekuishia leo?"

"Alikuwa anaulaza," nilisema.

"Anaulaza vipi?"

Chumba kizima kilijua sentensi ile inavyomalizika. Mkandarasi aliacha kuandika. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nikilitoa ninamkamatisha, nikilimeza nimemkana. Sijawahi kukichukia kitu kama nilivyoichukia lugha yangu mwenyewe dakika ile, lugha niliyojivunia kuipima kwa mizani, ambayo watu hawa waliishika wakaifanya pingu.

Baba akanigusa bega.

"King'ambo," alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia shavu la mtoto mchanga. "Sema, mwanangu, usimeze. Nilikuwa naulaza king'ambo, na umelala vizuri."

Walimchukua hapo hapo. Hawakumruhusu hata kunawa udongo mikononi.

Alifungiwa kwenye ua wa kituo cha polisi pamoja na watu wengine wa ng'ambo waliokusanywa mjini: muuza viatu, mama mmoja mshonaji, mwalimu wa hesabu. Mama alimpelekea chakula kila siku, wakakipokea mlangoni. Nami sikwenda kazini. Nilikaa nyumbani, na kila nilipotaka kutunga kitu, matusi tu ndiyo yaliyokuja, tena yenye vina.

Tarehe alikuja kututembelea. Alikaa kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa, akamwamkia mama kwa adabu, akaulizia dada zangu. Halafu akatoa kilichomleta. Mafundi waliojaribu kurudia zile kuta tatu wamezidi kuziharibu. Tarehe ya ufunguzi imesogezwa mara moja na haitasogezwa tena. Mwenye mkono wa Kioo mjini amebaki mmoja.

"Wewe ni wetu, kijana," alisema. "Mama yako ni wetu. Usijitie kwenye yasiyokuhusu."

Nilimwambia yananihusu tangu nizaliwe. Nilimwambia nataka mambo mawili. La kwanza, baba yangu atoke. La pili, kazi ifanywe yote, maji na magunia, na kila fundi aitaje kwa jina lake kwa sauti, mbele yake yeye Tarehe, ndani ya ukumbi ule ule walimocheka. Alikodoa macho zaidi kwenye lile la pili kuliko la kwanza. Alisema la mzee wangu ni dogo, ukuta ukishasimama kila mtu ataona hakukuwa na hujuma, yeye mwenyewe ataongea na wakubwa. Alinipa mkono. Mama akaniambia, "Fanya, mwanangu. Mtoe baba yako." Nikaupokea ule mkono.

Tulibandua lipu iliyokufa, tukapiga upya. Nilifanya kazi kwa hasira, na hasira ikinyooka ni kipimo kizuri. Tulipofika kwenye magunia, niliwasimamisha mafundi wote, nikamwita Tarehe aje asimame mlangoni. Domo ndiye niliyeanza naye. Alijikohoza, akatazama huku na huku, akanong'ona kwamba tunaulaza king'ambo. Nilimwambia sijasikia. Akasema tena. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wengine wakitahayari, mmoja akicheka, mzee mmoja akilisema waziwazi kama anayelipa deni. Tarehe alikuwa amekunja mikono, jasho likimtiririka kwenye shati lake la pasi. Kesho yake sikuhitaji kumlazimisha mtu. Nilianzisha wimbo jukwaani na wakaupokea, maji yakitiririka kwenye magunia:

Ukuta tuulazeni, unywe maji polepole,
jua lisipite ndani, upepo ubaki kule.

Nilijiona nimeshinda. Kwa siku chache nilitembea mjini kifua mbele, nikiamini kwamba neno likirudi mahali pake, mtu naye anarudi nyuma yake.

Wiki ya kuulaza ilikuwa bado katikati mama alipokuja kazini. Hakuwahi kufika pale. Alisimama mlangoni na kikapu cha chakula mkononi, kitambaa bado kimefungwa juu yake kama alivyokifunga nyumbani. Nilishuka ngazi nikamfuata.

"Wamempeleka," alisema.

Aliukuta ule ua wa kituo mtupu, umefagiwa. Polisi wa mlangoni, kijana aliyesoma na dada yangu, ndiye aliyemwambia: lori lilikuja jana, likawabeba wote mpaka mtoni. Daraja lilishavunjwa kwa mabomu, kwa hiyo waliwekwa kwenye mitumbwi wakasukumwa. Kama ng'ambo walipokelewa au walipigwa risasi, yule kijana hakujua. Alisema tu kwamba mzee mmoja mwenye udongo mkavu kwenye kucha aliuliza kama anaweza kumwachia mkewe ujumbe, akaambiwa hakuna muda.

Nilimfuata Tarehe ofisini. Hakushtuka. Alisema aliongea, Mungu shahidi yake, lakini amri ilitoka juu. Halafu akaniuliza kama magunia yataondolewa kabla ya Ijumaa, maana wachora majina wanataka kuingia.

Nilidai baba, nikapewa neno.

Nilirudi ukumbini, mama bado amesimama mlangoni. Jua la mchana lilikuwa kali na madirisha yote yamezibwa kwa mbao. Nilichukua nyundo nikaanza na dirisha la kwanza. Mbao zilianguka, mwanga ukaingia kama maji ya moto. Nikaenda la pili, la tatu. Domo aliruka akanishika mkono, akasema wataniua, akasema nimfikirie mama. Nikamgeukia mama nimwonyeshe mlango arudi kwa dada zangu. Alikuwa ameshaweka kikapu chini. Alikuwa ameshika gunia la kwanza kwa mikono miwili na kulivuta, likashuka na maji yake yote likamlowesha kuanzia kifuani mpaka miguuni, naye akashika la pili.

Hakuna fundi aliyetuzuia, hakuna aliyetusaidia. Walikusanya miiko yao wakatoka. Domo alikuwa wa mwisho, akaurudishia mlango nyuma yake.

Tulivua kuta zote tatu. Ukuta wa baba tuliuacha; ulishakauka kwa wakati wake, haukuwa na haja na mtu. Upepo uliingia kutoka pande zote na ile lipu mbichi ikaanza kubadilika rangi mbele ya macho yetu, kutoka kijivu kizito hadi kijivu cha majivu. Nilimwomba mama aende nyumbani. Alikataa mpaka nilipomwambia dada zangu hawajui bado. Ndipo akakamua nguo yake, akachukua kikapu, akaniachia kile chakula, akaondoka bila kugeuka.

Nilikaa chini ya ukuta wa mbele nikala chakula cha baba yangu. Nyufa za kwanza, nyembamba kama nywele, zilikuwa zimeshaanza kutambaa kwenye ukuta wa kushoto Tarehe alipoingia akikimbia, mlinzi nyuma yake. Alisimama katikati ya magunia, akazunguka mara mbili, akapiga kelele kuuliza nani amefanya hivi.

Nilimwambia ni mimi, mtu wa hapa, niliyezaliwa hapa na mama wa hapa, na kwamba safari hii asihangaike kutafuta mtu wa ng'ambo.